Blanketi Lisilofuliwa la Permelia Stokes

Permelia Stokes alikuwa dobi, na katika mtaa wetu wa State, kusini mwa Chicago, hakuna aliyemzidi kwa kutakatisha. Shati likitoka mikononi mwake, mwenyewe huligeuza mara mbili kabla ya kusadiki kwamba ni lake. Na mwanamke huyohuyo ndiye aliyekuwa na blanketi chafu kuliko yote mtaani, akalionea fahari mpaka anaingia kaburini.

Lilikuwa blanketi la viraka. Alilishona kwa majira mawili ya baridi: jua jekundu katikati, ndege wamelizunguka, na mbingu ya buluu iliyokatwa kwenye koti la kijeshi la marehemu mumewe, Absalom, aliyepigana katika vita vilivyokomesha utumwa. Alilishona kwa sababu moja tu. Mwaka 1893 Chicago ilikuwa inaandaa Maonyesho ya Dunia, na humo mlikuwa na jumba zima la kazi za wanawake. Permelia alitaka blanketi lake litundikwe humo, na jina lake liandikwe chini yake.

Akalifunga, akalipeleka kwa kamati ya jumba hilo, nayo ikamrudishia kifurushi hata kamba yake haijafunguliwa. Akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda kuuliza. Alipokewa na bibi wa kizungu mwenye glovu za kijivu, mpole kama maziwa ya uvuguvugu.

"Shangazi, kazi za watu weusi hazina kamati yake," bibi alimwambia, maana wazungu walimwita kila mwanamke mweusi shangazi ili wasimwite Bibi.

"Kwa hiyo zipelekwe wapi?"

"Hapo ndipo penye shida, shangazi."

"Shida naiona. Na mimi si shangazi yako. Nilikuwa na kaka mmoja tu, na hakuzaa mtoto wa rangi hiyo."

Maneno yalimtoka vizuri, lakini msidhani hakuumia. Njia nzima ya kurudi alikibeba kifurushi kifuani, na alipofika akakisukumia chini ya kitanda ili asikione.

Mwezi wa Mei Maonyesho yakafunguliwa. Watu walifikishwa huko kwa reli mpya iliyojengwa juu ya nguzo za chuma, ikikatiza uchochoroni nyuma ya nyumba zetu. Treni zilipita usawa wa roshani ya Permelia, karibu kiasi cha kuona abiria anatafuna nini. Injini zilikuwa za makaa, zikitema masizi kutwa, na madobi wa uchochoro ule walilia. Permelia akahamishia nguo za wateja kwenye uwanja wa kanisa, mbali na moshi, na kamba ya roshani ikabaki tupu.

Asubuhi moja alikuwa anamwaga maji machafu, treni ikapita imejaa watu wanaokwenda Maonyesho. Wote walikuwa wamegeukia upande wake, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Permelia akaweka beseni chini. Akalivuta blanketi kutoka chini ya kitanda, akakata foronya nyeupe akatoa herufi kubwa, akazishona chini ya lile jua: LIMESHONWA NA PERMELIA STOKES. Kisha akalianika, uso wake ukielekea reli.

Ozella, dobi mwenzake na mwimbaji mwenzake wa kwaya, alipanda ngazi mbio.

"Una wazimu? Masizi yote haya!"

"Nayaona."

"Dobi mzima unachafua kitu chako mwenyewe! Halafu watu watakwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Tazama vizuri, Dada Ozella. Blanketi limetulia hapa. Wanaotembezwa ni wao."

Ozella alicheka mpaka akakalia beseni.

Na watu waliliona. Majira yote ya joto walinyoosha vidole, wakasimama vitini, wakasoma jina kwa sauti. Wapo waliodhihaki, na mmoja alirusha ganda la chungwa. Lakini wapishi na wafagizi weusi waliokuwa wakienda kazini huko kwenye Maonyesho walivua kofia walipopita. Permelia alisimama kando ya blanketi, mkono kiunoni, akiitikia wenye salamu.

Agosti bibi wa glovu za kijivu akaja mwenyewe, anahema kwa ngazi. Alikuwa ameliona kutoka dirisha la treni.

"Tunalitaka," alisema. "Tumetenga siku maalumu ya watu weusi. Kutakuwa na muziki na matikiti maji, si ndiyo mnayopenda?"

"Matikiti naweza kununua. Litatundikwa jumba la wanawake?"

"Humohumo. Na litabaki mpaka Maonyesho yafungwe."

Permelia alishika nguzo ya roshani, kwa kuwa hicho ndicho alichokuwa akikiomba tangu sindano ya kwanza.

"Ila ulifue kwanza," bibi aliendelea, "na hilo jina litoke. Tutaandika: kazi ya mjakazi wa mashamba ya Kentucky, huko kusini. Watu wanapenda hivyo."

Treni ikapita, abiria wakisoma jina. Nitasema kweli: alitaka kukubali. Herufi zile zilishikwa kwa uzi mwembamba, na mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni yake.

"Huyo mjakazi simjui," alisema mwishowe. "Mkimpata, mwombeni blanketi lake. Hili ni la Bi. Stokes."

"Utajuta."

"Nijutie jina langu? Shuka taratibu, mama. Kipandio cha tatu kimeoza."

Oktoba Maonyesho yalifungwa. Blanketi lilikuwa limegeuka kijivu, jua lake limekuwa kahawia. Mwaka uliofuata yale majumba meupe ya Maonyesho, ambayo watu walidhani ni marumaru kumbe ni plasta juu ya mbao, yakateketea kwa moto. Ozella akachemsha maji, akaja na sabuni.

"Mambo yamekwisha, Dada. Lete tulifue, litatakata."

Permelia alilikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Waliotundikiwa kazi zao ndani walipewa nishani. Mimi nilipewa masizi haya. Nishani anafua nani?"

Alikufa mzee, blanketi akamwachia binti yake, na binti akamwachia Verlene, mjukuu. Verlene alilipeleka jumba la makumbusho. Kijana wa humo, mwenye glovu, aliligusa kwa heshima. Jina la Permelia litaandikwa kubwa, alisema, ila kwanza watalisafisha, maana siku hizi kuna dawa nzuri ya kutoa masizi.

"Kwetu halifuliwi," Verlene alisema.

"Basi unataka tulifanyeje, mama?"

"Kwetu linaanikwa."

Akalikunja, akapanda treni ya reli ileile, akalitundika kwenye roshani yake mwenyewe. Treni za sasa hazitoi masizi, lakini abiria bado hugeuza shingo, na wenye macho mazuri husoma.