Asetati kwa Ncha ya Ulimi

Kabla ya kuingia maabara nilipika miaka minne katika hoteli moja ya Diani, kwa hiyo chumvi naijua. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili, Msambweni, nami nilikuwa wa majaribio: miezi mitatu, kisha niajiriwe au nirudi jikoni. Ilikuwa imebaki wiki moja.

Mkuu wangu, daktari mwanamke kutoka bara, alikuwa akitenganisha protini mbili za damu ya mbuzi wa Kinango. Unazipitisha kwenye mrija wa kioo uliojaa chembe zenye chaji ya umeme, zinanasa, kisha maji ya chumvi yanazibandua. Mimi nilidhani chumvi ni chumvi. Kumbe ile ya kawaida ilizisukuma kwa pupa, zikatoka zimekumbatiana kama maharusi. Asetati ya sodiamu, chumvi itokanayo na siki, husukuma taratibu. Moja hutoka, nyingine hufuata.

Siku moja ya Ramadhani daktari alikuwa Nairobi, umeme ukakatika, na sampuli ya mwisho ikaanza kuyeyuka katika friji; ilibidi niipitishe mrijani siku ileile. Ikiharibika, kazi yake ya mwaka mzima imekwenda na maji. Nikafungua kabati kutafuta asetati. Mende walikuwa wamekula lebo za chupa, karatasi na gundi yake. Chumvi nyeupe huku, chumvi nyeupe kule.

Mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi, mradi ateme. Nikaonja, nikatema. Ya kwanza ilikuwa chumvi ya mezani. Ya pili ilikuwa na ladha ya siki kwa mbali, nikaitumia hiyo. Mrija hauhitaji umeme, maji hushuka yenyewe. Umeme uliporudi nikapima: protini mbili, kila moja na njia yake. Nilifurahi mno, na hapakuwa na wa kumwambia.

Likabaki daftari la maabara. Mlangoni palikuwa pamebandikwa kanuni: anayeonja kitu chochote humu, kazi yake imekwisha. Ningeweza kuandika kwamba nilikumbuka chupa zilivyopangwa. Lakini nilikuwa nimefunga, na kwa uongo ningeshinda na njaa ya bure. Nikaandika: "Imetambuliwa kwa ulimi."

Daktari aliporudi kesho yake nilimwamkia shikamoo, nikampa daftari. Akasoma. Akayeyusha kidogo kutoka kila chupa, akatia tone la dawa ya madini ya fedha: ya kawaida ikawa kama maziwa, asetati ikabaki maji. Akatia sahihi kwamba kazi ni sawa. Kisha, kwa kalamu ileile, akaandika barua ya kuniachisha kazi.

"Lakini nilipatia, Daktari," nikasema.

"Ndiyo sababu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ungekosea, ungeogopa. Umepatia, kwa hivyo utaonja tena, na humu kuna chupa zinaua. Sitaki kukuzika."

Sikumbishia. Asubuhi ile, kabla hajafika, nilikuwa nimekwisha kuonja chupa ya tatu, nijue tu ni nini.