Punda wa Mama na Kioski cha Juu

Mama yangu ana punda mmoja, na punda huyo ana akili kuliko baadhi ya mafundi ninaowauzia koki dukani kwangu Singida Mjini. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Iguguno, punda wa maji hasindikizwi. Asubuhi unamfunga madumu manne matupu, mawili kila upande, unampiga kofi dogo, naye anakwenda zake peke yake mpaka korongoni. Enzi za visima vya mchangani, yeyote aliyekuwepo pale alimjazia punda wa mwenzake bila kuuliza, maana kesho wa kwake naye angekuja. Madumu yakijaa, kofi lingine, punda anarudi nyumbani. Kila mtu anamjua punda wa kila mtu, na ukikutana naye njiani unampisha.

Kwa mama jambo hili si mchezo. Tangu baba afariki anaishi peke yake, na goti lake la kulia lilishagoma zamani. Anapika mwenyewe, anapalilia mchicha wake huku amekaa kwenye kigoda, anagombana na kuku kutwa nzima. Kitu kimoja tu hawezi, nacho ni kutembea mpaka kwenye maji. Punda ndiye anayemfanya aendelee kuwa na nyumba yake. Bila punda angelazimika kuhamia kwangu, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka, na mama anaogopa kulelewa na mtoto wake kuliko anavyoogopa nyoka.

Miaka ya karibuni mvua zetu zimekuwa kama mgeni asiye na adabu. Zinachelewa wiki nyingi, kisha zinaingia zote kwa pamoja. Katikati hapo mchanga wa korongo ulikauka mpaka tukawa tunachimba shimo la kumficha mtu mzima ndipo tupate ndoo moja ya maji ya rangi ya chai. Wakulima wa vitunguu wa bondeni walizima pampu zao, wakakaa wakitazama majani yakigeuka njano. Kwa hiyo kisima kirefu kilipochimbwa, kikafungwa pampu ya sola na tenki juu ya kilima, tulicheza ngoma. Kilichobaki kilikuwa kuamua kioski cha kuchotea maji kikae wapi, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

Fundi wa maji alitaka kioski kikae juu, jirani na mashine ya kukamua alizeti. Mimi nilikuwa nimekuja kumsalimia mama, nikapita mkutanoni. Nauza mabomba, basi siku hizo nilikuwa najiona mtaalamu wa maji. Nikanyoosha mkono.

"Punda wetu wanajua korongo," nikasema. "Mkiweka juu, nani atawafundisha njia? Wewe fundi?"

Watu wakacheka. Fundi akauliza kwa upole, "Na mafuriko je, dada?"

"Mafuriko gani? Hilo korongo mwaka wa tatu huu halijalowanisha hata kwato!"

Nilipigiwa makofi. Niseme ukweli, nilikuwa nafikiria punda mmoja tu na goti moja tu, lakini nilisema kwa sauti ya kijiji kizima, na kijiji kikakubali. Kioski kikajengwa ukingoni mwa korongo, kizuri, kina bati la bluu. Punda hawakubadilisha hata hatua moja. Nilirudi mjini kichwa juu.

Kioski kilimaliza kiangazi kimoja. Mvua zilipokuja zilinyesha wiki nzima bila kupumua, na korongo ambalo mimi nililidharau mbele za watu likashuka na miti mizima. Lilichukua bati la bluu, likachukua koki, likang'oa bomba kutoka ardhini na kulitupa bondeni. Likachukua pia kalvati la barabara ya Iguguno, kwa hiyo malori hayakuweza kuingia, na vitunguu vingi vya wale waliobahatika kuvuna vikaozea kwenye magunia. Wale wale waliolia ukame, sasa walikuwa wanalia maji. Fedha za mfuko wa maji, tulizokuwa tumepanga zijenge kioski cha pili upande wa shule, zilienda kufukua na kujenga upya cha kwanza. Watoto wa shule mpaka leo wanakwenda na vidumu vyao darasani.

Mimi nilifanya biashara nzuri kuliko mwaka wowote. Kila kijiji kilichopoteza bomba kilikuja dukani kwangu. Sikufurahi hata kidogo.

Safari hii hakuna aliyeniomba ushauri. Kioski kikajengwa juu, pale pale alipotaka fundi, mita chache kutoka kwenye mashine ya alizeti. Tenki halikuguswa, maji yalikuwa mazuri, na punda vijana walijifunza njia ndani ya siku tatu. Punda wa mama hakujifunza. Akifungwa madumu alikuwa anashuka korongoni kama kawaida, anasimama mbele ya kipande cha sakafu kilichobaki, anangoja ajaziwe. Anangoja mpaka jua linageuka. Mtu akipita anamhurumia, anamrudisha nyumbani na madumu matupu. Mama akawa ananunua maji kwa vijana wa bodaboda, dumu moja kwa bei ya mafuta ya kupikia ya wiki. Mchicha aliuacha ukauke. Alivyoniambia habari ya mchicha kwenye simu, kwa sauti ndogo, nilifunga duka nikapanda gari.

Nilikuja na begi jipya kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo begi la nani?"

"La kwako. Nakupa wiki mbili. Punda akiijua njia, unabaki. Asipoijua, tunakwenda wote mjini."

Mama alilitazama begi, akalipapasa zipu. "Zuri," akasema. Kisha akatoka nje kuzungumza na punda. Punda anaongeleshwa Kinyiramba, taratibu, kama mkwe. Mimi nikikosea naongeleshwa Kiswahili, kama mtu wa ofisini.

Nilijipa kazi ya kumfundisha mwenyewe. Siku saba nilimvuta kwa kamba kupanda kilima. Tukiwa wawili alipanda bila shida, tena akinisukuma mgongoni nikichoka. Nikimwachia aende peke yake, anageuza shingo, huyo korongoni. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikaziba njia ya korongo kwa miiba, akaizunguka. Wanawake kioskini wakiniona walikuwa wanaanza, "Mtaalamu, mwanafunzi anaendeleaje?" Nilikuwa nacheka nao. Jioni nilikuwa nakanda mapaja yangu kwa maji ya moto ambayo nimeyabeba mwenyewe.

Siku ya nane mama aliniita. "Umemvuta wiki nzima," akasema. "Umeshamuuliza anapenda nini?"

"Mama, punda ataulizwaje?"

"Mashudu," akasema mama. "Anapenda mashudu ya alizeti. Mimi simpi kwa sababu ni ghali. Nenda pale mashineni, muombe mwenye mashine yale makombo yanayofagiliwa chini. Mpe yule mama anayeuza maji kioskini. Punda akifika, ale kwanza, halafu ndiyo ajaziwe. Na hapa nyumbani asubuhi asipewe kitu."

Nilitii. Siku nilizomsindikiza alikula mashudu mpaka pua ikawa kahawia. Lakini kila tulipojaribu kumwachia, bado alishuka korongoni, akasimama pale, akarudishwa.

Siku ya kumi na nne ilifika. Tulimfunga madumu asubuhi, mama mwenyewe akampiga kofi, tukakaa nje kwenye mkeka. Kutoka kwa mama unaona njia zote mbili, ya korongo na ya kilima. Punda alifika njia panda. Akashuka korongoni.

Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kujisikia vibaya kama siku ile. Nilitaka kusema tuongeze wiki, lakini mama alikuwa ameshaingia ndani. Nilimkuta amelifungua begi kitandani. Alikuwa anakunja khanga, moja moja, kwa utaratibu, na hakunilaumu kwa lolote. Hata habari ya mkutano ule hakuitaja. Alikuwa ameshaweka khanga nne na Biblia yake. Aliniuliza tu, "Kuku nitampa nani?" Nilikaa kitandani nikaanza kulia, mimi mtu mzima mwenye duka, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Ndipo tulipomsikia. Punda wa mama akifika uani halii, anakohoa. Tulitoka, mama akisahau fimbo. Alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, madumu yote manne yamejaa, yanamwagika kwenye vifuniko, na pua yake imejaa mashudu.

Mama wa kioski alituhadithia baadaye kwa simu, huku akicheka. Punda alisimama korongoni muda mrefu, akanusa ile sakafu, akaondoka mwenyewe. Alipanda kilima kupitia vichakani, akatokea nyuma ya mashine ya alizeti, akaenda moja kwa moja kwenye makombo.

Mpaka leo hajaacha. Kila asubuhi anaanza korongoni, anasimama kidogo, ndipo anapanda. Anachelewa nusu saa, na mama hataki aharakishwe. Juzi kulikuwa na mkutano mwingine, wa kalvati jipya, nami nikanyoosha mkono. Kijiji kizima kikaangua kicheko kabla sijafungua mdomo. Nilisema nilichotaka kusema, kwamba tumsikilize fundi, nikakaa.

Lakini nirudi kwenye siku ile ya kumi na nne. Mama aliniita nishike dumu upande wa pili, tukalishusha pamoja, akanywa kikombe kizima amesimama. Kisha akaingia ndani akatoa khanga nne na Biblia, akarudi na begi likiwa tupu, akaanza kulijaza vitunguu alivyopewa na jirani, vile vilivyosalimika baada ya kukosa lori.

"Chukua," akasema. "Ulisema begi langu. Basi mimi nakuazima."