Mwaka Nilioomba Chuo Tena

Maombi yangu ya kwanza ya shule ya biashara yalikataliwa kwa barua pepe ya mistari minne. Ilinikuta nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Iringo, Musoma mjini, nikimpimia fundi misumari. Nilimpimia mpaka mwisho, nikamfungia, nikamwambia karibu tena. Halafu nikaisoma upya, labda nimeruka neno. Sikuwa nimeruka.

Nyumbani Butiama walikuwa wameshanihesabu msomi. Baba yangu, mfugaji asiyejua kunong'ona, alisimama kanisani wakati wa matangazo akawaomba waumini waniombee, kwa kuwa nakwenda Dar kusomea shahada ya uzamili ya biashara. Hakusema nimeomba. Alisema nakwenda, na watu wakapiga makofi. Kwa hiyo alipopiga simu kuuliza kulikoni, nilimjibu, "Bado wanashughulikia, baba." Uongo mdogo wa ofisini. Niliishi nao mwaka mzima.

Baada ya wiki mbili nilijikaza nikapiga simu chuoni kuuliza nilikosea wapi. Nilianza kwa ukali, kama kawaida yangu nikiwa na aibu. Dada wa udahili aliningoja nimalize.

"Dada, tumesoma kila kitu," alisema. "Wewe ni mtu mwenye tabia nzuri sana. Ila hatujajua unafanyaga kazi gani."

Nilicheka kwa uchungu, maana alisema kweli. Chuo kilitaka barua ya mtu anayenifahamu vizuri. Kwetu barua huombwa kwa mkubwa, na mkubwa huandika sifa za ukoo. Baba alimwendea rafiki yake, mwenyekiti mstaafu wa kijiji, na mzee akajaza ukurasa mzima kwa mkono wake: kwamba natoka katika watu wasiogombea malisho, kwamba nasalimia, kwamba sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya. Nilipoipokea nilitokwa na machozi. Insha yangu nayo ikafuata njia hiyohiyo: tulipanga, tulifanya, tulifanikiwa. Nani alifanya nini, Mungu ndiye ajuaye. Nimelelewa kuamini kwamba anayejisifu amekosa wa kumsifu. Na walipotaka nieleze kosa nililowahi kufanya kazini, niliandika kwamba huwa najituma kupita kiasi. Naona haya mpaka leo.

Kosa la kweli nilikuwa nalo, na lilikuwa Bunda. Kabla ya kuja Musoma nilifanya kazi miaka mitatu Manyamanyama, humohumo Bunda, kwa mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Nilikuwa mnunuzi wake. Mnunuzi huzamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni, akatoa mbegu za chini, akazing'ata. Msimu mmoja wakaja kuuza alizeti wazee kutoka upande wa kwetu, rika la baba, wamevaa makoti yao ya heshima. Niliwaamkia, nikawapa viti, nikashindwa kuwachunguza kama wezi. Nilishika za juu tu. Za chini zilikuwa mbichi, na baada ya siku chache stoo nzima ilinuka uvundo, mbegu nzuri zikaharibikia humohumo.

Mama hakunifukuza. Aliniuliza tu, mbele ya wenzangu, "Wewe nilikuajiri ununue alizeti au upokee wageni?" Hasira zangu ziko karibu. Kesho yake sikurudi, na simu zake sikupokea. Sasa huyo ndiye alikuwa mtu pekee aliyeijua kazi yangu, na nilihitaji barua yake kuliko ya askofu.

Ilinichukua karibu mwaka kukubali hivyo. Mwaka huo niliuishi Nyasho, humohumo Musoma, chumba kimoja, mlango unaotazama ukuta wa jirani. Butiama si mbali. Ukitoka asubuhi unafika chai haijapoa. Sikwenda. Krismasi nilisema dukani wamenizuia, Pasaka nikasema naumwa. Jumapili nilihamia misa ya kwanza ili nisikutane na watu wa kwetu waliokuja mjini hospitali, wakaniuliza mbona niko hapa. Nilinunua samaki wawili wadogo, furu, nikawakaanga, nikawala nimeketi kitandani, sahani magotini. Kuna wiki ambazo, nikiondoa wateja, sikuongea na mtu yeyote. Nilikuwa mpweke, tena upweke wa kujitakia, ambao hata kuulalamikia huwezi.

Maombi yalipofunguliwa tena nilikwenda Bunda. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mbegu kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeona sasa njia?" Hakuacha kupepeta. "Uliondoka kama mtu aliyekanyaga nyoka."

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuomba radhi. Yaliisha kwa sentensi mbili. Nikamweleza habari za chuo, za kukataliwa, za uongo niliomwambia baba, za barua.

"Kwa hiyo unataka nikusifie."

"Hapana, mama. Andika ulichokiona."

"Na ile alizeti?"

"Na ile alizeti."

Alinisomea barua kabla ya kuituma. Kwa watu nisiowajua, aliandika, nilikuwa nanunua vizuri kuliko yeye mwenyewe. Kwa wazee wa kwetu nilikuwa siwezi kazi. Nilimwacha katikati ya msimu bila kuaga. Nimerudi mwenyewe, bila kuitwa, kusema nilikosea, na kwa hilo angeniajiri tena. Nilitamani afute mstari wa kuondoka bila kuaga. Nikauacha. Yaliyobaki niliyaandika mimi kwenye insha mpya, nikianza na magunia, na kila nilipotaka kuandika "tulishindwa" nilifuta nikaandika "nilishindwa".

Safari hii walinikubali.

Furaha yangu ilikosa pa kwenda. Kijijini nilishapigiwa makofi kwa jambo hilohilo. Nilimpigia mama wa Bunda. Akashangilia, kisha akasema, "Sasa baba yako unamwambia lini?"

Nilikwenda Jumamosi. Baba alikuwa zizini anampaka ndama dawa ya kupe. Nilimwamkia, nikamweleza yote pale pale, nimesimama kwenye samadi na viatu vya mjini: kukataliwa, uongo wa kwenye simu, hata barua ya rafiki yake.

Hilo la barua lilimtoa kicheko kidogo. "Huyo mzee tusimwambie. Atakufa." Kisha akaendelea kupaka, mguu mmoja, mguu wa pili, mpaka nikadhani yameisha.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Hao wa chuo walikukataaga siku moja tu. Sisi umetukataa mwaka mzima."

Alisema polepole, bila hasira. Nikainama, nikamshikia ndama.