Matusi ya Saa Tatu Asubuhi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na rafiki niliyemtukana kila asubuhi isipokuwa Jumapili, naye akanitukana, na mpaka leo sijui kama alikuwa mrefu au mfupi. Nilichojua ni sauti yake, kikohozi chake cha sigara, na tabia yake ya kung'ang'ania kitufe cha redio kama mzee aliyepewa nafasi ya kusema harusini. Mengine nilijitungia mwenyewe. Nilimpa kitambi na meno machache, na sikumwonea huruma.

Ilikuwa miaka ya sabini, mjini Shinyanga, katika ofisi ya tajiri mmoja wa Kihindi mwenye malori. Malori yake mengine yalikwenda Geita kuchukua pamba, mengine yalivuka mpaka na mapipa ya mafuta hadi Bujumbura. Simu za wakati ule ungeagiza asubuhi ukaongea jioni, ukiwa na bahati, kwa hiyo tajiri alifunga redio koli tatu: moja kwetu, moja Geita, moja Bujumbura. Ya kwetu ilikaa juu ya meza yangu karibu na dirisha, na chini yake betri ya lori. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule, na kwa sababu tajiri alisema sauti yangu inapasua mvua. Nilichukulia kuwa amenisifu.

Hewani hatukutumia majina. Ukimtaka mtu unaita kituo chake. Mimi nilikuwa Shinyanga. Kijana wa Kizinza aliyetunza ghala kule Geita alikuwa Geita, na kila alipozungumza alikuwa anatafuna kitu. Yule wa tatu alikuwa Bujumbura, naye hakuwa Mrundi. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyepelekwa huko na kazi. Mimi ni Msukuma. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani, Msukuma na Mzaramo ni watani, na mtani hana adabu wala haombi radhi. Siku aliponiuliza kabila langu nikamjibu, alicheka mpaka nikadhani redio imeharibika.

Saa za Bujumbura ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Sisi na Geita tulifungua ofisi saa mbili asubuhi, yeye naye alifungua saa mbili ya kwao, ambayo kwetu ni saa tatu. Ile saa ya katikati nilikuwa na Geita peke yake, na mazungumzo ya Geita yalikuwa chai, mihogo, na chai tena. Ikigonga saa tatu tu, unasikia kikohozi, halafu: "Shinyanga, mjukuu wa mpagazi, umeamka au bado umekumbatia kapu la michembe, viazi vyenu vikavu? Ova."

"Nimeamka tangu zamani," nilimjibu. "Huku tuko mbele. Ninyi bado mnaishi saa ambayo sisi tumeshaitumia na kuitupa. Ova."

Hilo la saa hatukulichoka. Mimi nilidai kwamba anavaa saa za mtumba. Yeye alidai kwamba kiyama kikija kitaanzia Shinyanga, nami nitamtaarifu kwenye redio, naye atapata muda wa kula wali wake wa nazi na kuvaa vizuri. Geita akauliza, akitafuna, kama na yeye atakufa na kundi la kwanza. Tukamwambia ndiyo, maana saa yake ni ya kwetu. Akasema basi ataomba uhamisho.

Kazi ilifanyika, nisije nikaeleweka vibaya. Lori gani limepasua tairi, lori gani limekwama mpakani Kabanga, yote tuliyapokea na kuyaandika. Lakini nikisema ukweli, niliondoka kwenye chumba changu cha kupanga Ibadakuli kila asubuhi kwa mwendo wa haraka si kwa ajili ya matairi. Nilikuwa na lundo la matusi niliyoyawaza usiku na sikutaka yapoe.

Sasa, baba yangu. Kwetu ni Mwakitolyo, wakati huo mashamba na ng'ombe tu, na baba hakuwahi kuikubali kazi yangu. Aliniruhusu kwa shingo upande, tena kwa mwaka mmoja. Mwaka ukapita, nikanyamaza, nikitumaini atasahau. Hakusahau. Mjomba alipokuja mjini kuuza ng'ombe alinipa salamu zake: pamba ikishavunwa, baba anakuja mwenyewe kunirudisha nyumbani, na nisijisumbue kubishana. Nilimjua baba yangu. Akisema anakuja, anakuja, na akisema unaondoka, sanduku lako linaondoka hata kama wewe umejifungia chooni.

Nilikuwa na hakika ni mambo ya kuolewa. Nilihesabu, kama msichana yeyote wa kwetu angehesabu, kwamba kuna zizi la ng'ombe wa mahari mahali fulani linanisubiri. Nikawaambia wenzangu hewani. Bujumbura akasema atamhurumia huyo mwanamume. Geita akauliza kama harusini kutakuwa na nyama. Walifanya mzaha, lakini tangu siku hiyo Geita alianza kuniuliza kila asubuhi, "Dada, bado upo?" nami nikajibu nipo. Niliogopa kuliko nilivyoonyesha. Kazi ile niliipenda, na nilipenda kuwa mtu ambaye saa tatu asubuhi, nchi nyingine, kuna anayekohoa kisha anamwita.

Baba alifika asubuhi moja ya kiangazi, vumbi la barabara ya Solwa mpaka kwenye nyusi. Baiskeli aliiegemeza ukutani, na kwenye karia nikaona kamba mpya ya katani imekunjwa vizuri. Nilielewa kamba ile ni ya sanduku langu. Nikapiga goti pale pale sakafuni, chombo cha kusemea kikiwa bado mkononi.

"Mwangaluka, baba."

Akaitikia, akaketi kwenye benchi, kofia magotini. Tajiri naye alikuwa amesimama mlangoni akisubiri habari za lori lililokwama Kabanga, kwa hiyo kuzima redio nisingeweza. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro kidogo. Nikawaza, nikimuwahi Bujumbura kabla hajaanza, nitamwambia leo kuna mgeni.

Sikumuwahi. Kikohozi kilisikika, na redio koli haina uungwana: mmoja akibonyeza, wengine wote wanabaki wasikilizaji, hata uwe unazama. Bujumbura akabonyeza.

"Shinyanga, Shinyanga, nimekuota usiku. Nimemwota na baba yako. Nasikia mzee yule ana ng'ombe wengi kuliko akili. Nasikia alipofika pwani mara ya kwanza akaiona bahari, alikimbia kurudi Usukuma kuwaita ng'ombe wake waje kunywa. Ni kweli? Usinifiche, mimi ni mtani wako. Ova."

Tajiri alizaliwa Shinyanga na alijua mila zetu kuliko mimi karani wake. Akageuka akatazama nje, mabega yakitikisika. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Baba akaniuliza kwa Kisukuma huyo ni nani.

"Ni mtu wa kazini, baba. Yuko Bujumbura."

"Mrundi?"

"Hapana. Mzaramo."

Baba akaweka kofia benchini. Ujana wake aliutumia kwenye mashamba ya mkonge huko Ruvu, jambo ambalo nyumbani alilitaja mara chache, na kila alipolitaja mama alibadilisha mazungumzo. Akasimama, akaja mezani, akaninyang'anya kile chombo. Akakishika kichwa chini miguu juu, akaanza kusema bila kubonyeza. Nikakigeuza, nikakibonyeza kidole chake juu ya kitufe.

"Wewe Mzalamo," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha mkonge. "Ng'ombe nilikuja nao. Wakaonja yale maji, wakayatema. Wakaniambia, baba, turudi nyumbani, humu wameoga Wazalamo."

Kisha tukasikia mtu akipaliwa, na huyo alikuwa Geita, kwa sababu alipaliwa na mihogo.

"Nani huyo?" Bujumbura akauliza, safari hii kwa sauti ndogo. "Ova."

"Mwenye ng'ombe."

"Ehee. Shikamoo, mzee. Ova."

"Shikamoo yako iache huko huko. Nani kakuambia mtani anaamkia? Kule Ruvu babu yako alikula jogoo wangu, akanirudishia manyoya. Namtafuta mpaka leo."

"Jogoo huyo tulimla kwa sababu alikuwa anawika Kisukuma," Bujumbura akasema, na sauti yake ikawa imerudi yote. "Majirani walikuwa hawalali. Ova."

Baba akacheka. Sijui nieleze vipi. Mimi ni mtoto wake wa tatu na nilikuwa nimemsikia akicheka kwenye harusi na kwenye pombe, lakini si kicheko hiki, cha kijana, cha mtu aliyekuwa mahali fulani kabla sijazaliwa. Walitukanana hadi tajiri akasahau lori lake, na Geita alipojaribu kuingilia akaambiwa na wote wawili anyamaze, huu si ugomvi wake.

Halafu baba akaacha kucheka. Akabonyeza mwenyewe, vizuri, kama mtu aliyezaliwa ofisini.

"Mtani. Nikuulize. Huyu mtoto akiugua huku, nani atajua?"

"Asipojibu saa tatu, mimi najua," Bujumbura akasema. Hakuongeza mzaha.

"Mimi nitajua mbele yake," Geita akasema. "Mimi namwita saa mbili, mzee. Asiposema nipo, napanda lori nakuja."

"Na akifa?"

"Nitakuja kulala kwenye kaburi lake, ni haki ya mtani," Bujumbura akasema, "na sitatoka mpaka mnipe ng'ombe. Nitachelewa kwa saa moja, lakini mnisubiri. Ova."

"Utapewa mkia," baba akasema, akanirudishia chombo.

Lori la Kabanga, tajiri akaambiwa hatimaye, lilikuwa limevuka jana yake. Nikaomba ruhusa nikamsindikiza baba. Alikuwa akisukuma baiskeli, nami nilitembea kando yake nikingoja aniagize nikafunge sanduku. Tulipofika barabara ya Solwa akasimama, nami nikamuuliza ni nani aliyeniposa.

Akasema hakuna mwanamume anayenisubiri nyumbani, hilo nimelitunga mwenyewe. Akasema mama yangu hulala vibaya. Mvua ikinyesha usiku, mama humwamsha yeye na kumuuliza, mtoto akishikwa na homa katika chumba kile cha kupanga, nani atagonga mlango? Naye alikuwa kwenye mkonge akiwa na umri wangu, akaona vijana wakizikwa na watu waliokuwa hawajui majina yao.

"Nitamwambia mama yako una watu," akasema. "Wanakutukana vizuri sana. Mtu asiye na watu hatukanwi hivyo, mayu, mwanangu. Kaa."

Akapanda baiskeli akaenda. Nililia pale barabarani mbele za wauza karanga bila kuona haya. Nilikuwa nimemwogopa mwaka mzima, naye mwaka mzima alikuwa ananiogopea.

Niliporudi ofisini nilimkuta tajiri mwenyewe amekaa kwenye redio, akijibu kwa shida. Akanipisha. Sauti ya Geita ilikuwa inaniita, na kwa mara ya kwanza kinywa chake kilikuwa kitupu.

"Dada, bado upo?"

Nikabonyeza, nikaachia. Nikabonyeza tena.

"Nipo," nikasema. "Nabaki. Ova."

Hakuna aliyejibu. Ukasikika ule mvumo wa hewa tu, muda mrefu, nami nikajua wote wawili, kila mmoja kwa saa yake, wameshika kitufe na wanatafuta tusi, na hawalipati.