Maji ya Mabaharia wa Chapwani

Juzi mwanangu alisimama mlangoni na sare yake mpya ya ubaharia. "Mama, nnakwenda." Nikamkumbuka Bibi.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, Bibi alinivusha kwa mashua hadi kisiwa cha Chapwani, kwenye makaburi ya mabaharia wa Kizungu ambao manowari yao ilishambuliwa vitani ikazama mbele ya mji wetu. Palinuka mwani na majani makavu. Bibi alifagia taratibu, kisha akamwagia kila kaburi maji kwa kopo.

"Bibi, hawa si walifia baharini? Bado wanataka maji?"

"Maji ya chumvi hayakati kiu. Na mama zao wako mbali."

Nikaamini wanakunywa, nikawaongezea.

Jana nilirudi kisiwani na chupa ya maji. Sasa najua maiti hanywi. Nikasoma umri kwenye jiwe: miaka kumi na tisa, sawa na mwanangu. Nikamwaga chupa nzima.