Mtihani wa Mezani

Kihispania! Ukimwambia mtu wa mtaa wetu wa Gikondo mwaka wa 1991 kwamba binti wa fundi Twagirayezu anasomea shahada ya Kihispania, alicheka kwanza, halafu akauliza ataongea na nani. Na mbuzi? Kaliza, binti mwenyewe, alishawazoea watu hao. Alikuwa amemaliza sekondari na maksi nzuri, lakini nafasi za chuo kikuu zilikuwa na wenyewe, na baba yake hakujuana na hao wenyewe. Angebaki nyumbani akishona vitambaa vya makochi na kungoja mchumba, kama si masista.

Masista hao wa Kihispania walikuwa na zahanati yao nyuma ya maghala ya mtaa huo. Kaliza aliwasaidia kufunga watu vidonda tangu yuko shule, na kilichomteka hakikuwa dini wala dawa. Kilikuwa jiko lao. Jamani, wale wanawake walikuwa wakisema! Walibishana juu ya kitunguu kimoja kwa sauti ya kubomoa ukuta, kisha wakacheka, wakakaa wakala. Kwao Kaliza, sauti ikipanda ndani ya nyumba ujue kuna ugomvi au msiba. Aliitamani lugha ile kwa sababu ilimpa mtu ruhusa ya kufungua mdomo.

Mkubwa wao, Sista Pilar, aliyejifunzia Kiswahili Bukavu, alimwandikisha katika chuo kimoja cha kwao kilichosomesha watu walio mbali. Vitabu vilikuja na masista waliotoka likizo, mitihani ya kuandika aliifanyia palepale zahanati. Na kila Agosti alikuja Profesa Eusebio, mzee wa ndevu nyeupe, kuwasikiliza wanafunzi wakiongea. Mzee huyo hakuwa na habari na maswali ya darasani. Lugha hupimwa mezani, alisema. Basi mtihani wake ulikuwa chakula cha mchana: mnakula, mnaongea, yeye anatoa maksi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama hukukulia kwetu, nikueleze: siku zile mtu mzima mwenye heshima zake hakutafuna mbele za watu. Mlango ulifungwa kwanza ndipo sahani ikafunuliwa. Twagirayezu mwenyewe, fundi wa malori wa kuogopwa, saa ya kula ikifika alichukua kibakuli chake akajificha nyuma ya lori bovu lililooza uani mwa gereji, mgongo kawapa watu, na ole wake atakayemfuata huko kuulizia spana.

Kaliza akakaa mbele ya Profesa kama alivyolelewa. Macho chini, kiganja mdomoni, sauti ya kunong'ona, chakula hakukigusa. Profesa akamwambia ale. Akatabasamu. Akamwambia tena. Akatabasamu zaidi.

Alifeli. Sista Pilar alimpa habari hiyo uso umemshuka.

"Anasema huelewi Kihispania. Amekuambia ule mpaka amechoka, wewe unacheka tu."

"Nilielewa, Sista! Kila neno nilielewa!"

"Sasa mbona hukula?"

Angeielezaje aibu kwa mtu asiyekuwa nayo? Kaliza alilia mpaka kwikwi zikamshika. Ilibaki nafasi moja tu ya kurudia, Agosti inayofuata. Akifeli tena, jina linafutwa na shahada imekwenda na maji.

Mwaka mzima alijizoeza. Kumtazama mtu machoni alijifunza sokoni, kwa wauza nyanya, ambao nao walimtazama wakidhani anatafuta ugomvi. Sauti aliipata kwa kusoma vitabu vyake kwa nguvu zahanati ikiwa tupu. Kula ndiko kulikomshinda. Siku moja alijipiga moyo konde akamwomba mama yake, Gaudiose, watoe ndizi zao wakalie barazani, kwenye njia ya watu.

"Weee! Umerogwa?" Gaudiose alishika kichwa. "Msichana mkubwa utafune barabarani kama mbuzi, halafu nani atakuja kukuposa?"

Twagirayezu alikuwa mlangoni. Alisikia yote, akajifanya anatafuta viatu.

Agosti ya pili ikafika. Vita vilikuwa kaskazini, na mjini vizuizi vilikuwa vimejaa askari waliopenda kusumbua wasichana, kwa hiyo baba mtu akasema atamsindikiza. Alivaa koti lake la harusi. Alisugua mikono kwa petroli na sabuni, lakini weusi wa kucha ukabaki palepale. Nia yake ilikuwa kungoja getini. Lakini Profesa alipoambiwa huyu ndiye baba, alitoka mwenyewe, akamshika mkono, akamvuta mpaka mezani na kumwekea sahani. Kumkatalia mzee mwenye mvi ni matusi. Twagirayezu akakaa, shingo upande, koti limefungwa vifungo vyote.

Sista Pilar alileta mayai ya kukaanga na viazi, duara kubwa limekatwa vipande. Profesa akamgeukia Kaliza, akamuuliza kwa Kihispania habari za nyumbani, kisha akamwambia ale, chakula kisipoe. Kaliza alichukua uma. Alimtazama mzee machoni, hilo aliliweza. Lakini baba yake alikuwa hapo! Kutafuna mbele ya mgeni, sawa, pengine. Kutafuna mbele ya mgeni baba yako anakuona, hapana. Kiganja kikaanza kupanda chenyewe kuelekea mdomoni. Profesa alisubiri, akasema tena neno lile la mwaka jana, na Kaliza akajisikia anatabasamu. Mungu wangu, alitamani ardhi ipasuke.

Twagirayezu hakujua Kihispania hata cha kuombea maji. Lakini alikuwa amemsikia binti yake akilia mwaka uliopita, na alijua kabisa kinachomkaba. Alichukua uma, akaushika kama bisibisi. Akachoma kipande kikubwa. Akakitia mdomoni, mbele ya mzungu, mbele ya sista, mbele ya mtoto wake wa kumzaa, akatafuna. Shingo ilimsimama mishipa, jasho likamtoka, macho yakamjaa maji. Alimeza. Kisha akasema kwa sauti, kwa kile Kiswahili chake cha gereji ambacho kilimtoka kila alipoogopa:

"Kaliza. Hii mayai iko na chumvi kidogo sana. Mwambie mzee."

Na akachoma kipande cha pili.

Kaliza alikula. Alikula na kusema, kwa Kihispania, mdomo ukiwa wazi na sauti ikiwa juu, kwamba baba yake fundi anaona mayai hayana chumvi. Profesa akabisha. Sista Pilar akabisha zaidi, kwamba yeye amekaanga mayai hayo tangu utoto. Kaliza akawajibu wote wawili, akitetea ulimi wa baba yake, na kabla hajatambua, walikuwa wote wanne wanakula na watatu wanapiga kelele, ikawa jiko lilelile alilolipenda akiwa mdogo. Sahani ya Twagirayezu ilitoka tupu.

Kwaheri zilipokwisha Profesa alimpa Kaliza mkono na kumwambia ajiandae kwa vitabu vya mwaka wa pili.

Walipoyapita maghala Twagirayezu alisimama, akashika ukuta, akatapika chakula chote. Kaliza alimshika mgongo. Ulikuwa ukitetemeka chini ya koti la harusi, na yeye akatetemeka naye, kwa huruma na kwa mapenzi yaliyomjaa kifuani.

Baba akajifuta mdomo.

"Mwaka ujao huyo mzee anakuja tena?"

"Ndiyo, papa. Kila mwaka."

"Mpaka lini?"

"Imebaki miaka mitatu."

Twagirayezu alifunga tena vifungo vya koti, akashika njia.

"Sawa. Lakini mwambie Sista aongeze chumvi."