Neno la Kocha wa Endarasha

Kocha wa wasichana pale Endarasha hapulizi filimbi. Hupiga makofi mawili, kwa viganja vigumu vya mtu wa jembe, nao wasichana hujipanga: watatu washambulie, wawili walinde, goli ni mawe mawili. Si mtu wa maneno. Mpira ukimfikia msichana asiye na mlinzi karibu, yeye humwitia tu, "Uko peke yako," na msichana anajua ni wakati wa kupiga. Miaka yote neno lake ni hilo moja.

Alhamisi alimzika mke wake. Jumanne akarudi uwanjani, koti amelifunga hadi shingoni, akapiga makofi yake mawili. Mpira ukamfikia Wachuka, hana mtu karibu. Kocha akafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Wachuka akangoja, akanyang'anywa mpira. "Kocha, na leo huniambii niko peke yangu?" Wenzake wakamkazia macho. Kocha akainama, akasogeza jiwe la goli ambalo halikuwa na shida yoyote. "Ni kweli, mama. Imenishinda. Rudieni." Wakarudia. Mpira ukamjia Wachuka tena, naye akasita, akimtazama mzee. Hapo Njoki, mlinzi aliyepaswa kumkimbilia, akasimama. "Wachuka, una nafasi," akamwambia. "Si upige." Mpira ukaingia golini na hakuna aliyeshangilia. "Hivyo," kocha akasema polepole. "Kuanzia leo tutasema hivyo."